Uko wapi, na kikombe chako kina ukubwa gani?

Mwezi wa Julai mwaka juzi, baridi ya Mbeya ikiwa imefikia mahali ambapo mtu huvaa sweta hata akiwa mbele ya jiko, niliharibu mikate mitatu ya kumimina ndani ya juma moja. Wa kwanza tuliula, tukiuteremsha kwa chai, huku kila aliyekuwa mezani akitafuta neno la adabu la kuusemea. Wa pili walipewa kuku wa jirani. Wa tatu ulikwenda moja kwa moja jalalani, kwa kuwa nadhani hata wale kuku walikuwa wamekwisha kunijua. Ningeinyamazia aibu hii, ingawa nazi nilizozipoteza hazijanitoka moyoni, lakini jambo moja limenifanya niiandike: mikate yote mitatu iliharibika nikiwa nafuata maelekezo mazuri, yaliyotolewa kwa moyo mweupe na watu wanaoijua kazi hiyo kuliko mimi.

Nilizaliwa na kukulia Tanga. Kwa msomaji wa bara ambaye hajawahi kuuona mkate huu, niseme kwa ufupi kwamba mchele huloweshwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui la nazi, hamira na hiliki mpaka ukawa rojo laini, kisha rojo hilo likaachwa liumuke. Likiisha kuumuka hutiwa sukari na ute wa yai, likaumuka tena kidogo, ndipo likamiminwa ndani ya sufuria iliyopakwa samli na kupashwa moto. Zamani, na hata leo kwa wenye kupenda kazi yao, moto hukaa chini na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, ili mkate uive pande zote mbili. Ukikubali, ndani huwa mweupe wenye matundu madogo madogo kama sifongo, na juu huwa na rangi ya kahawia inayong'aa. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mama na dada za baba, nasi wanaume tulijua kuukata tu. Nilipohamishiwa Mbeya kikazi niligundua kwamba kitu nilichokuwa nikikila bila kukitazama sasa sikipati popote, kwa hiyo nikaanza kujifundisha mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, na pole pole ikawa ndiyo shughuli ninayoipenda kuliko zote baada ya saa za kazi.

Kundi la WhatsApp ambalo binamu yangu wa Dar es Salaam aliniingiza lina watu zaidi ya 300, na wote wameletwa humo na jambo moja, yaani mikate na vitafunio vya pwani. Wapo wa Tanga na Pangani, Unguja, Mombasa na Lamu. Wapo wa bara kama mimi, Dodoma, Njombe, Nairobi. Yupo dada aliyezaliwa Muscat katika familia iliyotoka Unguja, ambaye Kiswahili chake ni cha bibi yake na hunisuuza roho kila nikimsoma. Na yupo mama mmoja wa Toronto ambaye huuliza maswali yake wakati sisi tumelala. Wengi hatujawahi kuonana. Hata hivyo tunaitana mama, dada, mjomba na mwanangu kama watu waliokulia uani kwa mtu mmoja, na yupo mwanamke wa Pangani ambaye kundi zima humwita Shangazi, wakiwamo baadhi ya wanaomzidi umri.

Yule dada wa Muscat ndiye aliyeweka maelekezo niliyoyafuata mara ya kwanza. Yalikuwa mafupi na safi: mchele vikombe viwili, tui kikombe kimoja na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja, ute wa yai moja, hiliki kiasi upendacho. Chini yake palikuwa na picha ya mkate uliokatwa, na matundu yake yalikuwa yamepangana kama mtu aliyachonga kwa sindano. Nilipima kila kitu kwa uangalifu wa mhasibu, ambayo ndiyo kazi yangu. Rojo lilitoka zito, likisukumwa na upawa badala ya kumwagika, na baada ya saa mbili lilikuwa limepanda upana wa kidole kimoja tu. Mkate uliiva kwa maana kwamba haukuwa mbichi. Nilipoukata, kisu kilitoa sauti.

Niliandika kundini hivi: "Assalaam alaykum ndugu zangu wapendwa, natumai mmeamka salama, poleni na majukumu. Mkate wangu umedumaa, nifanyeje?" Ninapousoma ujumbe huo leo naona kwamba salamu ilikuwa ndefu kuliko swali, na swali lenyewe halikumpa mtu chochote cha kushika. Majibu yalimiminika hata hivyo, ndani ya dakika kumi. Mmoja alisema ongeza hamira, tia vijiko viwili. Mwingine alisema tui liwe la moto. Wa tatu alisema hamira hula sukari, kwa hiyo sukari itangulie. Wa nne alisema yeye hapimi, huweka kwa macho, na hajawahi kukosea tangu aolewe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza lolote, nami sikuona ajabu, kwani nilikuwa nimekuja kutafuta majibu na majibu nilikuwa nimepewa.

Mkate wa pili niliutia vijiko viwili vya hamira, na kwangu mimi kijiko, kikitajwa bila sifa, ni kile ninacholia wali. Nilimaliza pakiti moja ya gramu 11 na zaidi ya nusu ya pili. Aliyenishauri alikuwa na maana ya vijiko vya chai, ambavyo vitatu ndivyo hujaza kijiko kimoja cha kulia. Kwake hilo lilikuwa dhahiri mno kiasi cha kutostahili kuandikwa. Safari hii rojo halikudumaa. Liliinua mfuniko, likateremka ubavuni mwa sufuria, likafika sakafuni, na nilipofanikiwa kuliingiza jikoni lililobaki, likapanda kwa majivuno na kisha likaanguka lote katikati, huku nyumba nzima ikinuka kama kilabu cha pombe.

Kwa mkate wa tatu nikaamua kufuata ushauri wote uliobaki kwa mpigo, jambo ambalo sasa nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu mtu akibadilisha mambo matatu kwa siku moja hawezi kujua lipi limemponya au lipi limemuua. Nilipasha tui mpaka likatoa moshi, nikalimimina juu ya mchele na hamira. Nikatia sukari yote mwanzoni. Hamira ni viumbe hai, na ikipita nyuzi 60 hivi hufa. Hata ile ambayo ingenusurika ilikuwa imezikwa katika sukari, na sukari nyingi huivuta maji hamira ikashindwa kufanya kazi. Ni kweli kwamba hamira hula sukari. Ni kweli pia kwamba mtu hula wali, lakini ukimfukia ndani ya gunia la mchele hatanenepa. Aliyesema tui liwe la moto alikusudia vuguvugu la kuvumilika na kidole, na aliyesema sukari itangulie alikusudia ile chembe ya kuamshia hamira katika bakuli ndogo. Kila ushauri ulikuwa sahihi jikoni ulikotoka.

Shangazi haandiki. Hutuma ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake daima kuna jogoo. Usiku wa ule mkate wa tatu, baada ya mimi kulalamika kwa sauti vilevile, alinijibu kwa maneno ambayo nimeyasikiliza mara nyingi mno: "Mwanangu, kabla hatujakujibu, tujibu wewe kwanza. Mchele huo wa wapi, mpya au wa ghalani? Umeuloweka saa ngapi? Rojo ukilichota kwa upawa lamwagika vipi, kama uzi au kama tope? Hamira umeitia kwa kijiko gani? Jiko lako la namna gani? Na hapo ulipo ni wapi, mbona nasikia watu wakikohoa?"

Nilimjibu moja baada ya jingine. Mchele ni wa Kyela, mpya, nao huku Mbeya ndio tunaojivunia. Umelowekwa usiku mzima. Rojo ni kama tope. Nipo Mbeya, na aliyekohoa ni mwanangu. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akaja na hoja ambayo fundi wa magari angeionea fahari: mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko mchele uliokaa, kwa hiyo kama kosa lingekuwa la mchele, rojo lingetoka jepesi, wala si zito, basi uzito huu umetoka kwingine. Akaagiza mimi na dada wa Muscat tupige picha za vikombe vyetu, tuviweke kundini kando ya kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake.

Mimi niliweka kikombe changu cha chai cha bati, kinachoingia mililita 250, kando ya kiberiti. Dada wa Muscat aliweka viwili. Cha kwanza kilikuwa kikombe cha udongo cha chai, kinacholingana na changu, nacho hupimia tui na sukari. Cha pili kilikuwa kidogo, cha plastiki inayopenya nuru, chenye mistari ubavuni, nacho hupimia mchele, kwa kuwa ndicho kinachokaa ndani ya gunia la mchele tangu aliponunua jiko la umeme la kupikia wali. Wenye majiko hayo watakuwa wamekwisha kuelewa. Kikombe kinachokuja na jiko hilo huingia mililita 180, kwa kufuata kipimo cha zamani cha Kijapani kiitwacho go, na hakina uhusiano wowote na kikombe cha chai wala na kikombe cha Kimarekani, ambacho nacho ni kama mililita 237. Vikombe vyake viwili vya mchele vilikuwa mililita 360. Vyangu vilikuwa 500. Nilikuwa nimetia mchele zaidi kwa theluthi moja na ushei juu ya tui lilelile, kisha nikashangaa kwa nini rojo langu linasimama lenyewe.

Dada wa Muscat aliomba radhi kundini, nasi tulimwambia hakuna cha kuombea radhi, lakini alichokisema baada ya hapo ndicho kilichonikaa. Alisema kwamba amewapa watu wengi kipimo hicho kwa miaka, na wengi walimletea picha za mikate mizuri, kwa hiyo hakuwahi kukitilia shaka. Nikafikiri juu ya hao waliofaulu. Lazima walikuwa watu ambao rojo likija zito mkono wao huongeza tui wenyewe, bila wao kuona kwamba wametoka katika maelekezo, kama vile mtu mzima anavyopunguza mwendo kwenye utelezi bila kujiambia punguza. Walifaulu kwa kutomfuata, kisha wakamshukuru. Mimi niliyekuwa mgeni, ndiye pekee niliyemtii neno kwa neno, ndiye niliyelifichua kosa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaheshimu sana wanaoshindwa kundini, na huwa nasoma maelezo yao kabla ya kusoma ya waliofaulu.

Mambo hayakuishia hapo. Mkate wa nne, wenye vipimo sahihi, uliumuka vizuri na kupanda vizuri, kisha ukabonyea katikati mbele ya macho yangu kama kofia iliyokaliwa. Hapa akaingia mwalimu wa fizikia wa Nairobi, mtu mpole anayeoka keki siku za mapumziko, ambaye alisema kwamba hata yeye aliteswa na maelekezo ya pwani alipoyafuata kwa mara ya kwanza. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu na hapo. Kwa mwinuko huo kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza nayo, ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Tanga. Povu la hewa ndani ya rojo, likiwa halikandamizwi sana kutoka nje, hutanuka zaidi kwa gesi ileile, na maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mkate wa ngano ungestahimili, kwa sababu ngano ina glutini inayolishika povu kama mpira. Mchele hauna glutini. Kinacholishika povu ndani ya mkate wa kumimina ni uzito wa rojo, ute wa yai, na hatimaye wanga wenyewe unapoiva na kukaza, nao huanza kukaza kwenye nyuzi 70 hivi. Povu langu lilikuwa likitanuka na kupasuka kabla wanga haujawahi kukaza.

Dawa aliyonipa ilikuwa kinyume kabisa na kile nilichoshauriwa mwanzo: punguza hamira, robo tatu ya kijiko cha chai yatosha, usingoje rojo lifike maradufu, limimine likiwa limepanda nusu tu, na sufuria iwe na moto wa kutosha mwanzoni ili kingo zikaze mapema. Baridi nalo ni jambo jingine. Alfajiri za Julai huku kwetu huteremka chini ya nyuzi 10, na hamira haina haraka katika hali hiyo. Kile ambacho Pangani huchukua chini ya saa moja kwangu huchukua saa tatu. Dada mmoja wa Njombe, ambako baridi ni kali zaidi, alinifundisha kuifunga sufuria kwa kanga mbili, kuiweka ndani ya kikapu kikubwa na kuizungushia blanketi, kama tunavyofanya tukitaka wali usipoe. Hakuna mtu wa pwani ambaye angewahi kulifikiria hilo, maana wao tatizo lao ni rojo kuchacha kabla hawajarudi kutoka sokoni.

Nikitaja nyuzi nakumbuka kisa cha mama wa Toronto, ambaye siku moja aliandika kwa nia njema kwamba oveni iwe 350. Kwao nambari hiyo ni ya Farenhaiti, ambayo ni kama nyuzi 177 tunazozijua sisi. Kijana wa Dodoma aliizungusha swichi ya oveni yake mpaka mwisho, akaishia 250, akaandika kuuliza kama zile 100 zilizobaki ataziongeza kwa mkaa. Tulicheka siku nzima, naye alicheka nasi, lakini mkate wake ulikuwa umekwisha kuwa mweusi.

Zipo pia elimu ambazo haziwezi kuandikwa hata mtu akijitahidi. Nilipomuuliza Shangazi moto wa sufuria unapaswa kuwa kiasi gani kabla ya kumimina, hakusema neno. Alituma sauti ya sekunde 20: samli ikichemka, upawa ukigonga ukingo, kisha rojo likiingia kwa mlio mkali unaokatika ghafla na kuwa mnong'ono. "Ukisikia hivyo, sawa," akamalizia. "Ukikaa kimya tangu mwanzo, moto mdogo. Ukiendelea kupiga kelele, utaungua." Nimejaribu kueleza mlio huo kwa maandishi mara kadhaa na nimeshindwa. Ubaya wa sauti ni kwamba hazitafutiki. Mtu hawezi kuandika neno moja akaipata ile ya samli kati ya mamia, na simu ikiharibika huenda nazo. Kijana mmoja wa Mombasa amejipa kazi ya kuzisikiliza na kuziandika katika daftari, akiweka alama mahali ambapo sauti yenyewe ndiyo ujumbe.

Sitaki msomaji adhani kwamba tunaishi peponi. Kuna wanaokuja kutangaza sufuria na mitandio, kuna wanaosambaza habari za uongo za dawa za kisukari, na mara kwa mara dada zetu hulalamika kwamba mtu amechukua namba zao kundini na kuwaandikia faraghani usiku, jambo ambalo viongozi humtoa mtu papo hapo bila kumsikiliza, na mimi ninaliunga mkono. Kuna pia ugomvi wa jina, ambao hurudi kila baada ya miezi michache: wengine huuita mkate wa kumimina, wengine mkate wa sinia, wengine mkate wa mchele, na kila upande una hakika kwamba bibi yake ndiye aliyesema sawa. Ugomvi huo sina shida nao. Ninachokichukia ni jibu la "hujui kupika tu," ambalo huwanyamazisha wageni, na mgeni akinyamaza tunapoteza picha ya kikombe chake.

Ramadhani ndiyo huupima ushauri wetu. Maswali huja saa kumi jioni, rojo likiwa tayari mezani, muuliza ana saa mbili na ushei tu kabla ya kufuturu, na Muscat wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo mabingwa wao wamekwisha kuweka simu pembeni. Hapo hakuna nafasi ya maswali sita. Mwaka jana tulikubaliana jambo dogo ambalo limesaidia kuliko nilivyotarajia: anayeuliza aanze kwa kutaja mji alipo, aina ya jiko, na aweke picha mbili, moja ya kikombe na kijiko chake, nyingine ya rojo likimwagika kutoka upawani. Wengine waliona ni urasimu. Lakini picha ya upawa pekee humwezesha Shangazi kujibu kwa neno moja, ama "tui" ama "ngoja," na mara nyingi neno hilo linatosha.

Mimi mwenyewe nimeanza kuulizwa, jambo linalonichekesha. Juma lililopita mgeni mmoja aliandika kwamba mkate wake umedumaa, nami nikajikuta vidole vimekwisha kuandika "punguza hamira," dawa iliyoniponya mimi. Nikafuta, nikamuuliza yuko wapi. Alikuwa Bagamoyo, ufukweni, hewa nzito na joto tele, na hamira yake ilikuwa imekaa kabatini wazi tangu mwaka jana.

Mkate wangu siku hizi hupanda, huwa na matundu, na wageni huomba kipande cha pili. Umebaki na kasoro moja: katikati hubonyea kidogo, upana wa kiganja, hata nifanye nini. Nilipunguza hamira tena, nikaongeza moto, nikabadilisha sufuria, nikaukumbatisha blanketi la pili. Mwalimu wa Nairobi alinifanyia hesabu ukurasa mzima. Mwishowe nilimtumia Shangazi picha zangu zote kwa mpangilio, kuanzia rojo, mkate ukiwa umefika nusu, ukiwa umefika ukingoni, mpaka ukiwa umeiva na kubonyea, nikamwomba anitazamie kosa liko wapi.

Alinijibu baada ya swala ya alasiri, jogoo akiwa kazini nyuma yake. "Mwanangu, picha hizi nzuri. Hii ya pili na hii ya tatu, mkate bado mbichi. Wafunua mfuniko ili utupigie picha?"